Kiatu Hakiondoi Mzigo, Huuhamisha

Mkimbiaji anayeumia mara kwa mara huingia dukani akitafuta raba isiyoumiza. Raba hiyo haipo. Kila unapokanyaga ukikimbia, mwili hupokea nguvu inayofikia mara mbili hadi tatu ya uzito wako, na hakuna soli inayoweza kuifuta. Kiatu huihamisha tu: kikilipunguzia goti, hukiongezea kigimbi. Kwa hiyo, kabla ya kutazama bei, jua mwili wako huumia wapi.

Anza na kimo cha kisigino. Kisigino kilichoinuka milimita 10 kuliko upande wa vidole hupunguza kazi ya kigimbi na kano ya kisigino, ila goti hubeba zaidi. Raba bapa, yenye tofauti ya milimita 0 hadi 4, hufanya kinyume. Aliyewahi kuugua kano asikimbie vipande vya mita 400 kwa raba bapa. Mwenye goti linalosumbua anaweza kushuka milimita chache, taratibu.

Tangu 2017 viatu vya mbio vyenye bamba la kaboni ndani ya sponji nene vimetawala marathoni. Eliud Kipchoge alivaa vya aina hiyo Vienna mwaka 2019 alipomaliza kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40. Huokoa nguvu kweli, lakini bamba hubadili namna unyayo unavyojikunja. Mwaka 2023 jarida la Sports Medicine lilieleza wakimbiaji watano walioumia mfupa wa navikula, ulio juu ya unyayo, wakitumia viatu hivyo. Idadi hiyo haithibitishi chanzo, ila inadai tahadhari.

Basi vitumie siku za kasi pekee, tena kwenye lami. Kwenye murram kama ile ya Iten, ambako makundi hufanya fatleki, yaani mbio za kubadilisha kasi, kila Alhamisi, soli nene huyumba juu ya mawe na kifundo hulipa. Zoezi likiwa na vipande vinane, vaa viatu vya kaboni kwa viwili vya mwanzo, uongeze wiki hadi wiki. Ukihisi maumivu ya mahali pamoja ukibonyeza mfupa, acha kukimbia na umwone daktari.

Muuzaji akikuchagulia kwa kutazama upinde wa unyayo, usitosheke. Jeshi la Marekani liliwapimia makuruti viatu kwa njia hiyo, na majeraha hayakupungua. Kimbia kidogo ukiwa umevaa; kinachobana dukani kitabana zaidi njiani.

Ukiweza, miliki jozi mbili tofauti na uzibadilishe. Utafiti wa Luxembourg wa 2015 uliwafuatilia wakimbiaji 264, na waliobadilisha viatu walikuwa na hatari ya kuumia iliyo chini kwa asilimia 39. Kama fedha inatosha jozi moja, nunua ya kawaida inayokukaa vizuri, na usiongeze kasi na umbali katika wiki moja. Hilo halina bei, na hukinga kuliko kaboni yoyote.