Kidonda cha mdomoni kisichopona: usingoje korosho ziuzwe



Mama mmoja kutoka kijiji cha Ruangwa alinijia akiwa amejifunika kanga shavuni. Kidonda cha pembeni mwa ulimi kilimwanza kabla ya mavuno ya ufuta. Anafika kwangu, korosho zinauzwa na shingo imeshavimba. "Nilidhani jino, mwanangu," alisema. "Na nauli nilingoja baba watoto auze."

Mwezi huo huo alikuja mzee wa Nachingwea, mvuta sigara wa miaka mingi. Kidonda chake kilikuwa sawa na punje ya mbaazi, na kilikuwa na wiki nne tu. Wote wawili niliwaandikia rufaa. Mzee leo yuko safu ya mbele msikitini. Mama tulimzika, Allah amrehemu.

Saratani ya kichwa na shingo hushika mdomo, ulimi, koo, kisanduku cha sauti, pua na tezi za mate. Wanaume huipata zaidi duniani, kwa sababu ya tumbaku na pombe. Kwa hiyo mwanamke akiugua, mara nyingi hakuna anayeifikiria. Tukumbuke kwamba ugoro na tambuu yenye tumbaku navyo huileta, hata kwa bibi asiyevuta sigara.

Huko Marekani, katika wagonjwa weupe 10 wa saratani ya mdomo na koo, takriban 7 huwa hai baada ya miaka 5. Kwa weusi ni takriban 5. Je, rangi ya ngozi ndiyo inayoua? Hapana. Weusi wengi hugunduliwa wamechelewa, hawana bima nzuri na hupata tiba pungufu. Pia saratani za koo zitokanazo na virusi vya HPV, ambazo husikia tiba vizuri zaidi, zimekuwa nyingi kwa weupe.

Kwetu kusini kinachoamua ni umbali, fedha na nani ndani ya nyumba anayesema "nenda". Mionzi tunaifuata Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road. Kwa kawaida hutolewa siku 5 kwa wiki, kwa wiki 6 au 7. Basi familia ipange nauli pamoja na malazi na chakula.

Nenda kituo cha afya ukiona haya kwa zaidi ya wiki 3: kidonda kisichopona, doa jeupe au jekundu mdomoni, sauti kukwaruza, maumivu ya kumeza, uvimbe shingoni, au damu puani upande mmoja. Ukiambiwa kukatwa kinyama kidogo cha kupima, kubali. Si kweli kwamba kukata huko hueneza saratani. Kinachoipa nafasi ya kuenea ni miezi inayopotea kwenye mizizi na kuchanjwa.

Uislamu umetufundisha kusukutua katika kila udhu. Basi japo mara moja kwa mwezi, baada ya kusukutua, shika kioo, inua ulimi, tazama mashavu kwa ndani. Binti yako naye apate chanjo ya HPV, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kukinga saratani ya mlango wa kizazi. Virusi hivyo hivyo huleta baadhi ya saratani za koo.

Nanyi akina baba, mkeo akikwambia mdomo unamuuma wiki ya tatu sasa, usimwambie angoje msimu. Kama huna nauli, kopa, au waambie wenzako msikitini wachange. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kujitibu, na mke ni amana.

Wabillahi tawfiq.