Mwalimu na Wenzake wa Mbali: Mitandao ya Kijamii Katika Kazi ya Ualimu

Mtandao wa kitaaluma wa mwalimu ni watu wote anaoweza kuwauliza jambo la kazi wakamjibu. Kabla ya simu janja, watu hao walikuwa wachache: wenzake wa ofisi ya walimu, aliosoma nao chuo, na wale aliokutana nao kwenye semina au kambi ya kusahihisha mitihani. Katika shule ya kata yenye mwalimu mmoja tu wa Fizikia, aliyekwama kwenye mada alibaki amekwama.

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala kuhusu nguvu ya watu tunaofahamiana nao kwa mbali. Miongoni mwa watu aliowahoji, waliopata kazi mpya kupitia mtu wanayemjua, takriban asilimia 17 tu walisaidiwa na mtu waliyeonana naye mara nyingi. Waliobaki walisaidiwa na watu waliokutana nao kwa nadra au mara mojamoja. Watu wa karibu husikia habari zilezile; wa mbali wana mizunguko yao. Kundi la WhatsApp la shule hubeba ratiba, misiba na maagizo ya Mkuu wa Shule. Ni la lazima, lakini kitaaluma halina mengi ambayo mwalimu asingeyasikia ofisini. Kundi la somo lenye walimu wa mikoa mbalimbali ndilo linalomfungulia mlango mwingine.

Haja hiyo imekua kadiri mitaala inavyobadilika. Tanzania Bara ilianza kutekeleza mtaala ulioboreshwa Januari 2024, na mpango wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unawataka walimu wajadili ufundishaji katika jumuiya za ujifunzaji shuleni. Kundi la mtandaoni haliondoi vikao hivyo. Huwapa cha kujadili, hasa pale ambapo mwalimu wa somo yuko peke yake.

Kila jukwaa lina kazi yake. WhatsApp, inayokubali hadi watu 1,024 katika kundi, inafaa kwa mazungumzo, lakini faili la mwezi uliopita hupotea chini ya salamu za asubuhi. Telegram huchukua hadi watu 200,000 na huruhusu anayejiunga leo kutafuta vya zamani, hivyo inafaa kuwa ghala. YouTube ina majaribio ya sayansi kwa shule isiyo na maabara. Facebook ndiko wengi hutafuta mtu wa kubadilishana naye kituo cha kazi. Makubaliano ya huko ni mwanzo tu, kwa kuwa uhamisho huidhinishwa na mwajiri, na anayedai pesa ili "aharakishe" ni tapeli.

Kundi hufaa au huharibika kutokana na aina ya maswali yanayoulizwa. Ombi la "naomba notisi za kidato cha pili" huleta faili, na mazungumzo huishia hapo. Baada ya muda kundi hugeuka jalala la maandalio ya somo ambayo hakuna anayeyasoma, na wapo wanaoyanakili yakiwa bado na jina la shule nyingine. Linganisha na swali hili: wanafunzi wanajumlisha 1/2 na 1/3 wanapata 2/5, nani amewahi kuwatoa kwenye kosa hilo, na kwa zana gani? Hapo mmoja ataeleza jinsi alivyokunja karatasi, mwingine atasema njia hiyo ilishindwa kwenye darasa la wanafunzi 90, wa tatu atatuma picha ya ubao. Msimamizi wa kundi mwenye busara hutenga jioni moja kwa wiki kwa swali moja la namna hiyo, kisha huweka muhtasari wa majibu ghalani.

Wanaosoma bila kuandika wasifukuzwe. Katika kitabu chao cha 1991, Jean Lave na Etienne Wenger walieleza, kwa mifano ikiwemo ya mafundi cherehani wa Liberia, kwamba mgeni wa kazi huanza pembeni akitazama na kufanya mambo madogo kabla ya kuingia katikati. Mwalimu mpya aliye kimya huenda ndiye anayejifunza zaidi.

Mipaka ipo, na mingine ni ya kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti, na ile ya Kenya ya 2019 inadai ridhaa ya mzazi au mlezi. Kwa hiyo picha ya daftari hutumwa jina likiwa limefichwa, na orodha ya alama haitumwi kabisa. WhatsApp husimba ujumbe ili asiyehusika asiusome njiani, lakini mwanachama yeyote anaweza kupiga picha ya skrini na kuipeleka kwa mzazi, kwa afisa elimu au kwa mwanafunzi mwenyewe.