Miraa: Tarakimu za Floraidi Zisiwatishe Wauzaji

Mfanyabiashara wa miraa hana muda. Vibunda vikivunwa Igembe, Meru, sharti vimfikie mlaji kabla ya siku mbili hivi, la sivyo nguvu hupungua na bei huanguka. Floraidi, madini ambayo yakizidi hutia meno ya watoto madoa ya kahawia, hainyauki na jani. Hivyo maabara huweza kukausha miraa, kuisaga na kuipima hata baada ya mzigo kwisha sokoni.

Hasara huja tarakimu zikisomwa vibaya. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, lakini hicho ni cha maji ya kunywa. Miraa hupimwa kwa kilo ya majani makavu, na jani bichi ni maji sehemu kubwa; tarakimu haikosi kuonekana kubwa. Tena, si lazima floraidi yote imtoke jani mdomoni.

Uholanzi ilipiga miraa marufuku mwaka 2013 na Uingereza 2014, wala si kwa sababu ya floraidi. Hata hivyo, mnunuzi anayetaka kupunguziwa hudaka neno lolote. Aulizwe kwanza: kilichopimwa ni kibichi au kikavu, na kilitoka shamba gani?