Maana ya Kitenzi na Umbo Lifuatalo

Katika Kiingereza viko vitenzi ambavyo maana yake hugeuka kwa umbo la kitenzi kinachovifuata. "He stopped smoking" maana yake aliacha kuvuta sigara. "He stopped to smoke," alisimama ili avute. Hapa Kiswahili hubadili kitenzi chenyewe, na shaka huondoka. Penye hatari zaidi ni "try." "He tried to open the door" ni kwamba alijaribu kuufungua mlango, na huenda hakuweza; "he tried opening the door," kwa kawaida, ni kwamba aliufungua ili aone kama kutafaa. Kiswahili kina umbo moja tu, la ku-, na "alijaribu kuufungua" huelekea maana ya kwanza. Mkalimani wa mahakama asipoangalia, shahidi aliyesema mlango ulifunguliwa ataeleweka kana kwamba amesema ulikataa.