Karatasi ya breve imefika Baraka: nani atatusomea?

BARAKA (Fizi). — Wachimbaji wane wa zahabu walishuka hapa Baraka kutoka upande wa Misisi, wakiwa na karatasi moja ndani ya mufuko wa plastike. Waliniita sababu wanajua ninaandika katika gazeti, na mutu wa gazeti, kwa mawazo yao, anasomaka kila kitu.

"Muzee, utusomee hii," mukubwa wao aliniambia. "Sisi tuko na Kifaransa kidogo tu. Hii iko Kiingereza, na njo inataka kutukula feza."

Zilikuwa kurasa mbili za fotokopi. Juu kulikuwa herufi US, kisha namba ndefu, kisha tarehe. Chini kulikuwa muchoro wa meza ya kutikisa, ile mashini yenye kutenga zahabu na muchanga kwa nguvu ya maji na mutikiso, bila merkire. Mutu mumoja alikuwa amekuja kuwauzisha mashini ya namna hiyo. Bei walikuwa wamekwisha kusikilizana. Lakini mbele ya kupokea feza, yule mutu aliongeza jambo: kila mwaka kooperative itamulipa "haki ya breve", na kama fundi yeyote wa hapa ataiga ile meza, watafungwa. Feza alizoomba kwa mwaka zilikaribia bei ya pompe ya maji, na pompe yao ilikuwa imekufa tangu mvua za kwanza.

Nilisoma mara mbili. Maneno niliyaelewa, lakini jibu sikuliona. Niliona haya kidogo, nikawaambia wazi kama sijui. Yule mwenye alijua alikuwa kijana wa hapahapa mujini, mwenye alimaliza shule ya électromécanique, na ambaye watu wanamwona tu kama fundi wa simu na ordinatere. Alisoma masomo ya OMPI, lile shirika la dunia la mambo ya uvumbuzi, kwa simu yake, usiku, wakati mega iko bei ya chini.

Mbele ya kuendelea, tuelewane juu ya neno lenyewe. Breve ambayo ninasema hapa haiko diplome. Ni hati ya uvumbuzi. Ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa, Tanzania, wanaiita hataza. Ni mapatano kati ya mutu na Leta. Mutu amevumbua kitu; Leta inamwambia: andika wazi, pamoja na michoro, namna kinatengenezwa, na sisi tutakataza wengine wasikifanye bila ruhusa yako kwa miaka 20. Kisha miaka hiyo, kitu kinakuwa cha watu wote. Kwa kawaida ile karatasi inatangazwa wazi miezi 18 kisha kuombwa, hata kama ulinzi unaendelea. Na mwenye breve akiacha kulipa feza za kila mwaka, inakufa mbele ya miaka 20 kutimia.

Tena breve haivukake mupaka. Ile iliyoombwa Marekani peke yake inashika Marekani. Ni sawa na karatasi ya shamba lako la Ubwari: haikupatii shamba Kalemie. Congo iko na sheria yake, namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982, na ofisi yenye kupokea maombi iko Kinshasa, ku Wizara ya Industri. Inchi zingine za Afrika zilijiunga pamoja: nyingi za Kifaransa ziko ndani ya OAPI, ofisi yao iko Yaoundé, Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Zambia ziko ndani ya ARIPO, kule Harare. Sisi hatuko katika OAPI wala katika ARIPO. Kwa hiyo breve iliyotolewa Yaoundé ao Harare haitufikie. Mutu akitaka kukataza fundi wa Baraka, inafaa awe na hati ya Kinshasa.

Turudie kwa kijana wetu. Aliandika ile namba ndani ya Espacenet, akiba ya breve ambayo Ofisi ya Ulaya ilifungua mwaka 1998. Mule kuna karatasi zaidi ya milioni 140 za dunia nzima, na kusoma ni bure. Rezo ilikatika mara tatu. Tulikunywa chai, tukangojea. Karatasi ilipofunguka, kijana hakuangalia muchoro kwanza. Aliangalia tarehe. Tarehe yenye mimi niliona juu ya fotokopi ilikuwa ya kutolewa, 1996. Yeye alitafuta tarehe ya kuomba: 1994. Akahesabu kwa vidole, akacheka. Kisha akatafuta "ndugu" za ile breve, maana yake kama uvumbuzi uleule uliombwa katika inchi zingine. Kwa sheria ya kawaida ya mataifa, mutu anakuwa na mwaka 1 tu wa kupeleka ombi lake inchi zingine akihesabiwa tarehe ya kwanza. Hata kama ndugu ziko, nazo zimekwisha kuzeeka.

Mukubwa wa wachimbaji alitaka kusimama aende. Kijana akamuzuia. "Ngoja, yaya. Huyu mutu anaweza kuwa na breve ingine, mupya, ya kitu alichoongeza juu ya hii. Mumuombe namba ya Kinshasa. Akiwa nayo, tutaisoma. Akikosa, mununue mashini yake kama iko muzuri, lakini ile feza ya mwaka hapana."

Ile kazi aliyofanya kijana, kwa saa moja na nusu, ni kazi ya watu kamili. Katika inchi zenye viwanda, kuna watu wanaishi kwa kutafuta na kusoma breve tu: wengine walisomea kemia, wengine mashini, wengine kutunza maktaba. Kule Marekani waliunda chama chao, PIUG, mwaka 1988. Wa Ulaya nao wako na muungano wao. Siku hizi iko hata cheti ya kimataifa, QPIP, ambayo wataalamu wenyewe wanawapatia wenzao kisha kupima kazi yao. Kwa nini wanahitaji chama? Sababu kazi yao ina mutego mumoja mubaya: ukitafuta ukakosa, haimaanishe kama kitu hakipo. Pengine ulitafuta na neno mbaya.

Mwenye kuandika breve haandikake "meza ya kusafisha zahabu". Anaandika "chombo cha kutenga vipande vizito na vyepesi". Ukitafuta "zahabu", hautamuona. Njo maana mataifa yalipanga breve zote kwa alama, sawa soko la Baraka: ndagala zina upande wao, mihogo upande wake, na hakuna mutu anatafuta mikeke penye kunauzwa vitenge. Meza za kutikisa ziko kwa alama B03B 5/04. Mifereji ya mbao ya kusafishia, ile mwenye tunatandika blanketi ndani, iko B03B 5/26. Kukamata zahabu na merkire ni C22B 11/10. Musomaji mwenye ana mutoto wa shule na simu ya intaneti anaweza kumupa hizi alama tatu, amuone ataleta nini. Lakini kuchanganya alama, maneno, tarehe na luga, hiyo inahitaji kufundishwa, na inahitaji mwenzako wa kukuuliza: "Ulitafuta pia huku?" Kijana wetu hana mwenzake. Yeye mwenyewe alinisema: kitu chenye kumuogopesha haiko kukosa mega, ni kukosa mutu wa kumusahihisha.

Faida ya kazi hii, wachimbaji wa zahabu ndio waliionja kati ya wa kwanza, lakini haikuwa huku kwetu. Ilikuwa Transvaal, kule Afrika ya Kusini. Mwaka 1887, kule Glasgow, mutu wa kemia John Stewart MacArthur na ndugu wawili waganga, Robert na William Forrest, waliomba breve ya kutoa zahabu ndani ya mawe kwa sianire. Wakati uleule mashimo ya Johannesburg yalikuwa yanashuka katika mawe magumu yenye salfuri, ambayo merkire haikuweza tena kukamata zahabu yake muzuri. Kuanzia 1890 sianire iliokoa yale mashimo. Lakini kampuni iliyoshika breve pale Transvaal, African Gold Recovery Company, ilidai malipo kwa kila mwenye kuitumia. Wenye mashimo walijikusanya, wakaenda mbele ya waamuzi.

Walishinda kwa karatasi. Kulikuwa breve ya Marekani ya 1867, ya Julio Rae, yenye kusema tayari juu ya sianire na zahabu, pamoja na umeme. Kulikuwa ingine ya 1885, ya Jerome Simpson. Na mutu wa kemia Elsner alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1846 namna zahabu inayeyuka ndani ya sianire. Mwaka 1896 tribinali ilifuta breve ya MacArthur na Forrest pale Transvaal: kitu hakikuwa kipya. Tusidanganyane, wale wenye mashimo walikuwa matajiri wenye maavoka, hawakuwa krezeri wa karai na nyundo. Lakini kama hakuna mutu angejua zile karatasi za zamani ziko wapi, tajiri naye angelipa. (Na sianire ni sumu ya kuua mutu, ngombe na samaki. Musomaji asiseme gazeti lilimutuma kujaribu.)

Masomo yapo, na mengi hayaombe viza. OMPI iko na somo la kwanza juu ya mambo ya uvumbuzi, DL-101, kwa Kifaransa pia, bure, kwa intaneti. Kijana wetu alianzia pale. Kisha iko somo lingine la kutafuta breve zenyewe, lakini lile linalipishwa. Mwenye anataka kwenda mbali zaidi, Chuo Kikubwa cha Mutare, Zimbabwe, kinafundisha Master pamoja na ARIPO tangu 2008, kwa Kiingereza. Na Yaoundé iko ingine kwa Kifaransa.

Juu ya kukutana na wenzake, OMPI ilianzisha mwaka 2009 vituo vya kusaidia teknolojia na uvumbuzi, kwa Kifaransa CATI. Vinawekwa ndani ya vyuo ao ofisi za Leta, na wafanyakazi wake wanafundishwa na kuunganishwa, inchi na inchi. Kenya na Uganda wako navyo. Na iko mulango mwingine ambao huku kwetu watu wachache wanaufahamu: kwa inchi maskini sawa yetu, programu yenye kuitwa ASPI inafungulia vyuo na vituo vya uchunguzi akiba za breve ambazo wengine wananunua bei kali. Lakini haifungulie mutu mumoja-mumoja. Inafaa chuo kijiandikishe. Kijana wa Baraka akipiga hodi peke yake, hafunguliwe.

Hapa njo ninaona ubaya wetu. Huku Kivu ya Kusini tunatoa madroit na wenye développement kila mwaka. Sherehe, toge, picha. Mimi sijakutana na mumoja mwenye alifundishwa kusoma breve moja, wala ku kooperative ya wachimbaji, ambako mashini zinakuja kila siku na maneno mengi. Chuo kimoja cha Bukavu ao cha Uvira kikijiandikisha, na vijana watatu wa Baraka, Fizi na Misisi wakifungua grupu ya WhatsApp nacho, hata barabara ya Uvira ikifungwa na vita ao na mvua, karatasi itapita. Breve ya kurasa 11 iko nyepesi kuliko video moja ya muziki.

Iko jambo ambalo breve haisemake. Nilipokuwa ninaandika maneno haya, mama mumoja twangaise, mwenye anaishi kwa kutwanga mawe ndani ya kinu cha chuma, alisikia mazungumuzo yetu, akaniuliza: "Hiyo karatasi yenu inasema pia sisi tutakula wapi?" Alikuwa na sababu. Kule Kamituga, mashini za kusaga zilipoingia, wamama wenye kutwanga walikuwa wa kwanza kupoteza kazi. Breve inasema mashini inafanya nini na inatengenezwa namna gani. Nani atakaa pembeni yake, nani atafukuzwa, hilo ni la kooperative yenyewe kusema, na vizuri iseme mbele mashini haijafika. Kwa upande wa merkire, yule mama hakubisha. Mutoto wake ndiye anapulizaka moto wa kuchoma ile donge ya zahabu ndani ya nyumba.

Wachimbaji walimupigia muuzaji simu, wakamuomba namba ya Kinshasa. Alisema ataileta juma yenye kufuata. Majuma matatu yamepita.

Kwa kungojea, kijana alichapisha zile kurasa 11 zote, pamoja na michoro, tukaenda nazo kwa fundi mumoja wa chuma karibu na bandari. Hakusoma hata neno moja la Kiingereza. Alipitisha kidole juu ya muchoro, kutoka kwa muguu wa meza mupaka kwa mukono wa kutikisa, kisha akageuza karatasi kichwa chini, akairudisha. "Mbao iko. Chuma iko, hata springi tutazipata ku gari ya zamani," alisema. "Roulement tu njo itatusumbua. Mulete ile pompe yenu yenye ilikufa, niangalie kama ya ndani yake inaweza kuingia."