Maswali ya Mtoto na Kikopo cha Maharage

Mama mpendwa, mtoto wako amekwisha kukuuliza maswali mangapi tangu asubuhi? "Mama, moshi unakwenda wapi? Mama, kuku akilala juu ya mti haanguki? Mama, mbona maji ya ugali yanatoa mapovu?" Nasi, mikono imejaa unga na mboga inakaribia kuungua, tunamjibu: "Hebu nenda ukacheze huko!" Nami nimewajibu hivyo wanangu mara nyingi, nakiri.

Wengi wetu tukisikia neno sayansi tunafikiria maabara na mwalimu wa sekondari. Mtoto wa miaka mitatu hadi sita hana haja na hayo. Sayansi yake ni kutazama, kushika, kukisia na kujaribu. Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto huko Roma mwaka 1907, alikuwa daktari kabla ya kuwa mwalimu, naye aliwapa wadogo kazi za kweli: kumimina maji, kufagia, kutunza mimea. Kazi hizo mama zetu walitupa bila kufungua shule. Lililobaki ni kuzungumza na mtoto tukiwa kazini, na kutoona haya kusema, "Hilo sijui, tutazame pamoja." Soma kitabu cha Ayubu kuanzia sura ya 38 uone jinsi Mungu mwenyewe anavyomwuliza mtu maswali juu ya mvua, nyota na wanyama.

Anza na maharage. Loweka punje chache usiku kucha. Chukua bilauri, au chupa ya plastiki iliyokatwa, weka pamba yenye unyevu, kisha shindilia punje kati ya pamba na ukuta wa bilauri ili mtoto aione. Mwulize, "Unadhani kitatoka nini kwanza, jani au mzizi?" Mwache akisie, wala usimsahihishe. Baada ya siku tatu au nne hivi mzizi hutokeza na kuelekea chini. Sasa laza bilauri ubavu. Ukiiacha siku moja au mbili, utaona mzizi umepinda na kuelekea chini tena! Hata baba mwenye nyumba nimemwona akichungulia.

Neno moja la muuguzi hapa. Mtoto anayejaribu vitu hujaribu pia visivyofaa. Usiweke mafuta ya taa katika chupa ya soda. Akiyanywa usimtapishe, maana yanaweza kuingia mapafuni, mkimbize hospitali.

Katika darasa letu la watoto kanisani kila mmoja alipewa kikopo chake. Binti mmoja wa miaka mitano alimwagilia chake kupita kiasi. Maji yakituama mbegu hukosa hewa, ikaoza. Jumapili ya pili vikopo vya wenzake vilikuwa na majani, chake kilinuka. Kwa kumhurumia nilitoa kikopo kingine kabatini ili nikibadilishe kimya kimya, lakini akaniwahi.

"Mwalimu, imelala?"

"Kwa nini unasema imelala?"

"Kama mdogo wangu. Bibi alisema amelala."

Mdogo wake alikuwa amefariki mwezi uliotangulia. Nikakumbuka mama yake alivyonieleza kwamba binti hataki tena kulala usiku, analia hadi usiku wa manane, nami na uuguzi wangu wote nilimshauri amchunguze minyoo.

Nikarudisha kile kikopo kabatini, nikaketi sakafuni. Tuliibonyeza ile punje. Ilikuwa laini kama uji. Tukainusa. Kisha nikafungua mkebe wa maharage makavu. "Hizi ndizo zilizolala," nikamwambia. "Zikipata maji zitaamka. Hii imekufa, haitaamka."

"Na mdogo wangu?"

"Naye hakulala, mwanangu. Alikufa. Mwili wake uliugua sana ukaacha kufanya kazi. Wewe ukilala moyo wako unaendelea kupiga." Nikauweka mkono wake kifuani pake, tukasikiliza. Aliuliza kama mdogo wake yuko kwa Mungu, nikasema ndiyo, ndivyo tunavyoamini. Ulimi uliniwasha kumweleza juu ya chembe ya ngano katika Injili ya Yohana sura ya 12, lakini nilinyamaza. Angerudi kuimwagilia ile punje iliyooza.

Baada ya ibada nilimfuata mama yake. Alilia. Neno "amelala" lilisemwa na wazee siku ya msiba ili mtoto asitishike, na ni nani atakayewalaumu? Sisi wenyewe huliimba makaburini. Ila mtu mzima anajua maana yake, na mtoto anajua tu kwamba watu hulala kila usiku. Tulikubaliana mama amwambie tena yeye mwenyewe, kwa maneno mafupi, na kila atakapouliza.

Mama aliniambia kwamba kwa siku nyingi binti alilala ameweka sikio kifuani pake, akisikiliza. Usiku mwingine bado aliamka akilia.

Jumapili iliyofuata alikuja na kifuniko cha soda mfukoni. Akachagua punje mpya kutoka kwenye mkebe, akaniuliza ile ya kwanza ilikunywa vifuniko vingapi. Sikujua. Akaamua mwenyewe: kimoja asubuhi, na jioni ataingiza kidole kwanza aone kama pamba imekauka.