Alama Hazipigi Mbizi

Anayekwenda mashambani Uingereza kumtafuta voli wa maji hutegemea macho yake, na macho hayo ndiyo humpoteza. Voli ni mnyama wa jamii ya panya, wa rangi ya kahawia, mwenye uzito wa gramu 150 hadi 300, anayechimba mashimo kwenye kingo za vijito na mifereji. Panya wa kawaida naye ni wa kahawia, naye huogelea, tena kwenye kingo hizo hizo. Kweli wanatofautiana: voli ana pua butu, masikio yaliyozama katika manyoya na mkia wenye manyoya, panya ana pua iliyochongoka, masikio yaliyochomoza na mkia mrefu usio na manyoya. Lakini tofauti hizo zadai mnyama atulie, na voli akishtuka hujitosa majini, chubwi! Ndiyo maana naona alama alizoacha ni ushahidi bora kuliko kumwona mara moja tena kwa mbali.

Alama zenyewe ni nyingi kwa sababu mnyama huyu ni mlafi: kwa siku hula chakula kinachokaribia asilimia 80 ya uzito wake. Hukata majani na matete mshazari, kisha huacha mabaki yenye urefu wa sentimita 10 hivi, yamerundikana mahali alipokuwa akila. Kinyesi chake, punje za milimita 8 hadi 12 zenye ncha butu, hukirundika mahali pamoja ili kuweka mipaka. Hakinuki kama cha panya. Midomo ya mashimo nayo huzungukwa na nyasi zilizoguguniwa zikabaki fupi. Shimo peke yake halithibitishi kitu, ila likiambatana na mabaki na kinyesi, shaka hubaki ndogo mno.

Mtu atapinga kwamba alama nazo hudanganya, maana voli wa nyikani, mdogo zaidi, naye hukata nyasi mshazari. Ni hoja ya haki, na dawa yake ni kupima unene wa mabaki na kutafuta kinyesi. Tena mashariki ya jiji la Glasgow wako voli wa maji wanaoishi kwenye nyasi, mbali na mto wowote. Anayewavizia ukingoni atakesha bure, lakini mashimo yao yanaonekana.

Mwingine atauliza kuna raha gani kuchungulia mavi. Basi na atazame habari za fisi maji. Sumu za mashambani zilikuwa zimemfuta katika sehemu kubwa ya Uingereza, na kurejea kwake, hadi kufikia mwaka 2011 alipopatikana katika kila kaunti ya England, kulifuatiliwa hasa kwa kukagua kinyesi chake chini ya madaraja. Minki wa Marekani naye, mnyama mwindaji aliyeletwa kufugwa kwa ajili ya manyoya tangu 1929 na kuthibitishwa anazaliana porini Devon mwaka 1956, hunaswa nyayo zake kwenye udongo wa mfinyanzi uliowekwa juu ya vyelezo. Jike lake ni jembamba kiasi cha kuingia ndani ya shimo la voli, na ni miongoni mwa sababu kuu za voli kupungua kwa zaidi ya asilimia 90. Tangu 2008 sheria inamlinda voli kikamilifu katika England, na mwenye shamba anayetaka kuchimbua mfereji wake huenda akazuiwa na rundo la kinyesi, hata kama hakuna aliyemwona mnyama mwenyewe.